Tafakari ya Juma: Sauti Katika Pipa la Maji ya Moto



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili hatutafafanua somo la Dominika kama ilivyo desturi yetu. Tunapenda kuwasimulia jambo lililotokea nyumbani kwetu, katika nyumba ya mapadre, wakati wa kipupwe kilichopita. Wengi wenu mlilisikia, kwani habari za nyumba ya mapadre hufika sokoni kabla sisi wenyewe hatujazifahamu. Lakini mlisikia nusu yake, nayo ilikuwa nusu mbaya. Ni haki yenu kuisikia nusu ya pili, na ni wajibu wetu kuisema, kwa sababu ndani yake sisi wenyewe tuna deni.

Mgeni atokaye Dar es Salaam hudhani kwamba Mpanda ni mahali pa joto mwaka mzima. Kwa mchana hakosei sana. Lakini mji wetu uko juu ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai, mbingu ikiwa haina wingu, usiku huwa na baridi ya kutosha kumfanya mzee aahirishe kuoga. Ndiyo maana nyuma ya nyumba yetu kuna chombo ambacho nyumba nyingi za zamani za misioni zimekuwa nacho: pipa la chuma la lita 200, limelazwa juu ya jiko la kuni na kuzungushiwa matofali. Maji baridi hushuka kutoka kwenye tangi lililo juu ya mnara, yakaingia upande wa chini wa pipa. Maji ya moto hutoka upande wa juu na kwenda bafuni na jikoni. Bomba la tatu, jembamba, limesimama wima kutoka mgongoni mwa pipa, likapanda kupita usawa wa tangi. Bomba hilo halina koki wala kifuniko. Hatukuwahi kuuliza kazi yake. Tulizoea kuliona alfajiri likitoa mvuke mweupe, tukaliacha kama tunavyoyaacha mambo mengi tuliyoachiwa na waliotutangulia.

Anayewasha jiko hilo ni bibi mmoja mjane, ambaye aliipikia nyumba hii tangu kabla wengi wetu hatujapewa daraja. Hatutamtaja jina, maana jina lake limekwisha kutajwa mno. Hufika saa kumi alfajiri, huwasha kuni, hubandika chai, na sisi tunapoamka kujiandaa kwa Misa ya asubuhi, maji ya kuoga yako tayari. Watoto wa jirani humwita Bibi, nasi pia twamwita hivyo.

Mwanzoni mwa Juni pipa lilianza kutoa sauti. Kwanza ulikuwa mlio mdogo, mithili ya kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Baada ya juma moja ukawa kishindo kizito: go, go, kisha kimya, kisha go tena, kana kwamba mtu aliyefungiwa ndani anapiga ukuta kwa ngumi. Juu ya paa nako kulisikika mluzi mwembamba uliopanda na kushuka. Sauti hizo zilianza yapata saa kumi na nusu alfajiri na kukoma jua lilipokwisha kuchomoza. Frateri aliye nasi katika mwaka wake wa kichungaji, ambaye chumba chake kimepakana na jiko, alihamishia godoro lake sebuleni.

Kila mmoja wetu alikuwa na maelezo yake. Frateri alisema ni tetemeko la ardhi. Hakusema upuuzi, kwani tunaishi kando ya Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 ukanda wetu wa Rukwa ulitikiswa na tetemeko ambalo wataalamu hulikadiria kuwa na ukubwa wa 7.4, na tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 katika Ziwa Tanganyika liliangusha nyumba ng'ambo ya pili, huko Kalemie nchini Kongo. Lakini tetemeko halina ratiba ya kuingia saa kumi na nusu na kutoka saa moja. Mlinzi alisema ni panya. Padre mwenzetu alisema ni mabati ya paa, naye pia alikuwa na hoja, maana mabati hulia kweli. Hata hivyo, mabati hayalii kwa mapigo mazito yanayofuatana, tena kutoka chini.

Ndipo mtu mmoja, hatukumbuki ni nani, akauliza swali lililoonekana kuwa la kawaida: sauti hizi zimeanza lini? Mwingine akajibu: tangu Bibi aliporudi kutoka msibani kijijini kwao.

Wapendwa, neno hilo halikusemwa kwa sauti kubwa. Lilisemwa jikoni, likasikika uani, na baada ya siku tatu likawa linatusubiri mlangoni mwa kanisa. Walisema sauti huanza Bibi anapoingia na hukoma anapoondoka kwenda sokoni. Walisema macho yake ni mekundu. Walisema ni mjane, na kwamba watoto wake wawili walitangulia mbele ya haki. Walisema sauti ile ni ya padre mmoja marehemu aliyeishi nyumba hii, na kwamba kuna mtu anayemwamsha.

Tazameni sasa jinsi uongo unavyojengwa. Toeni lile la marehemu, na kila jambo lililobaki lilikuwa kweli. Sauti zilianza Bibi alipoingia, kwa kuwa ndiye aliyewasha moto. Zilikoma alipoondoka, kwa kuwa huondoka baada ya kuuacha moto ufe. Macho yake ni mekundu, kwa kuwa mwanamke aliyepuliza kuni kwa zaidi ya miaka hamsini katika majiko yasiyo na dohani hawezi kuwa na macho meupe. Moshi huo ndio uliowapikia waume, watoto, na mapadre pia. Ni mjane kwa kuwa mumewe alikufa. Ukweli mdogo mdogo uliunganishwa kwa uzi mmoja wa hofu, na ulipokwisha kushonwa ulifanana na shitaka.

Hatuna budi kusema wazi kwa nini jambo hili si la kuchekesha. Hapa kwetu Katavi, na kwa wenzetu wa Rukwa, Tabora na Shinyanga, wazee, na hasa vikongwe wa kike, wameuawa kwa tuhuma zisizo na ushahidi mwingine zaidi ya macho mekundu, ndoto ya mgonjwa, au kifo cha ng'ombe. Wale waitwao kamchape, au lambalamba, wamepita katika vijiji vyetu wakidai kufichua wachawi, wakachukua fedha za maskini na kuacha nyuma yao familia zisizosalimiana. Sheria ya Uchawi ya nchi yetu, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, inahesabu kuwa ni kosa kumnyooshea mtu kidole kwamba ni mchawi. Lakini sheria hufika kwa gari, na mnong'ono hufika kwa miguu kupitia njia ya mkato.

Waamini wawili wenye heshima walitujia jioni moja. Hawakumtuhumu Bibi, walitushauri tu, kwa upole, kwamba huenda ingefaa apewe likizo hadi mambo yatulie. Walisema ni kwa ajili ya usalama wake. Nasi tuliwajibu kwamba tutalitafakari.

Tunaomba mtusamehe kwa jibu hilo. Kuna mambo ya kutafakari, na kuna mambo ya kukataa palepale. Kama tungempa likizo Bibi siku ile, kila mtu wa mtaani angeelewa kwamba hata mapadre wamethibitisha. Tulilijua hilo tulipokuwa tukijibu, na bado tulijibu hivyo, kwa sababu tulikuwa tumechoka, tulikuwa hatujalala vizuri, na kwa sababu ni rahisi kumwondoa mtu kuliko kuliondoa swali.

Badala ya kulichunguza pipa, tulilibariki. Tulikwenda na maji ya baraka, tukasali, tukanyunyiza. Kesho yake alfajiri ule mluzi wa juu ya paa haukusikika tena. Tulifurahi, na mmoja wetu alilitaja jambo hilo kwa namna iliyokaribia kujisifu. Vishindo vya chini viliendelea, tena vizito zaidi, lakini tulijiambia kwamba navyo vitafuata.

Siku hiyo hiyo Bibi alituletea chai, akasimama kidogo mlangoni, akasema, "Baba Paroko, lile pipa halipumui."

Tulimwuliza ana maana gani. Akasema, "Sioni mvuke juu. Zamani ulikuwa unatoka. Sasa hautoki."

Tulimjibu, "Ahsante, Bibi, tutaangalia." Hatukuangalia.

Aliyetuokoa ni katekista wetu mzee, mtu wa maneno machache. Alikuja Ijumaa jioni, akasikiliza kila mmoja mpaka mwisho, kisha akauliza kama tunaikumbuka sura ya 14 ya kitabu cha Danieli. Mfalme wa Babeli aliamini kwamba sanamu Beli hula chakula kingi kinachowekwa mbele yake kila usiku, kwa kuwa asubuhi chakula hakikuwepo. Danieli hakuishia kubishana naye kwa maneno. Aliagiza majivu yaletwe, akayatandaza sakafuni mwa hekalu, na milango ikafungwa kwa muhuri. Asubuhi yake majivu yalionyesha nyayo za wanaume, za wanawake na za watoto: makuhani na jamaa zao waliokuwa wakiingia kwa mlango wa siri. Danieli hakuogopa kuitazama sakafu, akaupata ukweli pale chini.

"Majivu tunayo," alisema katekista. Akachota majivu jikoni mwa pipa, moto ukiwa umekwisha kuzimika, akayatandaza kulizunguka pipa lote na kuufikia mlango wa ua.

Asubuhi tulikwenda wote kutazama. Kulikuwa na nyayo za paka. Kulikuwa na alama za kandambili za Bibi kutoka mlangoni hadi mdomo wa jiko, na kurudi, basi. Hapakuwa na mtu mwingine yeyote, aliye hai au aliyekufa. Lakini majivu yalionyesha kitu ambacho hakuna aliyekitafuta. Upande wa nyuma, chini ya maungio ya bomba, yalikuwa yametobolewa na matone, na katikati ya matone kulikuwa na chembe nyeupe kama chumvi. Maji yalikuwa yakisukumwa nje kwa nguvu mahali ambapo hayakupaswa kutoka. Katekista alizigusa chembe zile kwa kidole, akasema tumwite fundi bomba, na kwamba moto usiwashwe tena.

Fundi alifika kabla ya saa sita. Tulidhani ataanza kufungua kwa spana, lakini alianza kwa kuuliza. Sauti huanza kabla ya moto au baada ya moto? Kuni zikiongezwa, sauti huongezeka au hubaki vilevile? Mvuke hutoka wapi? Tulikuwa watu sita tumesimama pale, na miongoni mwetu watatu wamesoma falsafa na teolojia. Ni Bibi peke yake aliyeweza kujibu. Sauti huanza, alisema, chai ya kwanza inapokuwa imeiva. Kuni zikiwa kubwa, huongezeka. Mvuke ulitoka juu kwa miaka yote, ukapungua baada ya mvua za masika, na tangu Jumanne haukutoka kabisa.

"Mama huyu angeitwa tangu mwanzo," fundi alisema, "nisingekuta kazi kubwa."

Tuwaeleze alichokikuta, kwa maana wengi wenu mna vyombo vya namna hii, vikubwa au vidogo. Maji ya kisima chetu kirefu yamebeba madini yaliyoyeyuka kutoka kwenye miamba. Yakiwa baridi huyaoni. Yakipata moto, madini hayo hujitenga na kuganda kwenye chuma, kama mnavyoona gamba jeupe ndani ya birika. Ndani ya pipa letu gamba hilo lilifikia unene wa kidole. Gamba likishakuwa nene, joto la moto halipiti kwa urahisi kwenda kwenye maji. Chuma cha chini huwa cha moto kupita kiasi, na maji machache yaliyopenya kwenye nyufa za gamba hugeuka mvuke kwa ghafula. Povu hilo la mvuke huinuka, hukutana na maji yaliyo baridi zaidi juu yake, na hapo huporomoka. Maji yanayoizunguka nafasi hiyo huikimbilia kwa kasi na kugongana. Hiyo ndiyo ngumi tuliyoisikia. Birika la chai hufanya vilevile kwa sauti ndogo: ndiyo maana huimba kabla ya kuchemka, na likichemka sawasawa wimbo wake hupungua.

Huo ulikuwa ugonjwa wa kwanza. Wa pili ulikuwa katika lile bomba jembamba lililosimama wima. Fundi alitueleza kwamba hilo ndilo pua la pipa. Maji yakipata moto hutanuka, na yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hutaka nafasi: lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hali ya kawaida hujaza lita 1,600 hivi. Lazima uwe na pa kutokea. Bomba letu lilikuwa limejengewa na nyigu, wale wafinyanzi wa udongo, na chini ya kiota chao gamba la chokaa lilikuwa limekamilisha kazi. Tundu lilipobaki dogo, mvuke ulipiga mluzi ukipita. Tundu lilipoziba kabisa, mluzi ulikoma.

Ndugu zangu, mluzi ulikoma Jumanne, siku iliyofuata baraka yetu. Tuliushukuru ukimya ule, kumbe ndio ulikuwa hatari kuliko sauti zote. Maji ya baraka hayana kosa. Kosa ni letu tulioyatumia ili tusilazimike kupanda ngazi na kuchungulia bomba. Sala haikuwekwa ili itupunguzie kazi ya kutazama.

Ugonjwa wa tatu ulitokana na mkono wa mtu. Miaka michache iliyopita tuliajiri mtu wa kurekebisha mabomba, naye aliweka, kwenye bomba la maji baridi, kifaa kinachoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, ili maji ya moto yasirudi tangini. Hatumlaumu kwa jina, maana tulimwagiza sisi na hatukuuliza. Lakini kwa sababu ya kifaa hicho, bomba la wima lilipoziba, pipa halikuwa na njia yoyote ya kupumua. Chombo cha chuma kilichofungwa kila upande, kikiwa na maji ndani na moto chini, ni bomu. Chumba cha frateri kipo mita tatu kutoka hapo. Bibi hukaa mbele yake ameinama, akipuliza.

Tulimwuliza fundi: kwa nini halikupasuka? Akatupeleka jikoni, akatuonyesha koki ya maji ya moto iliyokuwa ikivuja. Ilivuja tangu Pasaka. Mara nyingi tulimlaumu Bibi kwamba haifungi vizuri, naye alitujibu kwamba inafungika hivyo tu, akaweka ndoo chini yake. Kupitia koki ile mbovu, na kupitia yale maungio yaliyotoboa majivu, pipa lilikuwa likipunguza presha kidogo kidogo. Kama tungeibadilisha koki na kuliacha bomba la juu kama lilivyokuwa, leo pengine mngekuwa mnasoma tafakari iliyoandikwa na paroko mwingine.

Na kama tungempa Bibi likizo? Moto ungewashwa na kijana fulani asiyejua kwamba mvuke ulizoea kutoka juu. Vishindo vingeendelea, watu wangesema kwamba anaturoga akiwa mbali, na pipa lingefuata njia yake. Sauti ile ilikuwa na ujumbe wa kweli, wa haraka, uliotuhusu sisi. Tulipoipachika jina la mtu, tuliacha kuisikiliza.

Fundi alisubiri mpaka pipa lipoe lenyewe. Alitukataza kulimwagia maji baridi, maana chuma cha moto kikipozwa ghafula hupasuka. Kisha aliligonga gamba kwa tindo, akazibua bomba la wima na kulifunika kwa wavu ili nyigu wasirudi, akakiondoa kile kifaa, na mwisho kabisa akabadilisha koki. Tulijaza gamba lile katika karai, likajaa hadi ukingoni.

Kwa faida ya nyumba zenu, tuseme machache juu ya sauti nyingine za joto na baridi. Mabati yakilia ta! ta! jioni au asubuhi, ni chuma kinachotanuka na kunywea: bati la mita tatu likitoka nyuzi 20 asubuhi hadi nyuzi 60 juani hurefuka kwa karibu milimita moja na nusu, na kwa kuwa limeshikwa na misumari, husogea kwa kishindo. Ukuta ukigonga mara moja pale unapofunga koki kwa haraka, ni maji yaliyokuwa yakikimbia na yakasimamishwa ghafula, funga taratibu. Bomba likikoroma maji yanaporudi baada ya kukatika, ni hewa iliyoingia. Fungua koki na uiache itoke. Birika au sufuria likitoa mlio wa kokoto, lina gamba. Lichemshe na maji ya ndimu au siki, kisha ulisugue. Lakini chombo chochote cha kuchemshia maji kilichofungwa, kiwe cha kuni, cha umeme au cha jua, kikianza kugonga, au kikiacha kutoa mvuke au matone mahali ambapo kilizoea kuyatoa, zima moto, kaa mbali, na mwite anayekifahamu. Na bomba la kupumulia lisizibwe kamwe, hata kama linaudhi.

Tuongeze jambo moja zito zaidi. Katika baridi ya Juni na Julai baadhi yetu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha ili watoto walale kwa joto. Jiko hilo haligongi wala halipigi mluzi. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na wanaoivuta husinzia wasiamke. Tunakesha kwa hofu ya bati linalolia, na tunalala kwa amani kando ya kile kinachoua bila sauti. Tunawasihi: jiko la mkaa libaki nje, na watoto wafunikwe blanketi.

Dominika iliyofuata tulisimama mbele ya waamini baada ya Komunyo, tukalisimulia jambo hili kama tulivyowasimulia ninyi, karai la gamba likiwa mbele ya altare. Tulimwomba Bibi msamaha mbele ya watu, kwa kuwa alinenwa mbele ya watu. Karai hilo lilipita katika Jumuiya Ndogo Ndogo zote za mtaa wetu, na wengi walilipima uzito kwa mikono yao.

Baada ya Misa, Bibi alituambia jambo ambalo hatukuwa tukilijua. Kwa majuma mawili hakulala nyumbani kwake. Alikuwa akilala kwa binti yake upande wa pili wa mji, na kila siku saa tisa usiku aliamka na kutembea gizani kwa miguu, peke yake, ili aje kutuwashia moto. Alisikia yote yaliyosemwa. Tulimwuliza kwa nini hakutueleza. Alijibu kwamba alitueleza kuhusu pipa hatukumsikia, angetuelezaje kuhusu yeye mwenyewe?

Hatukuwa na la kumjibu, na mpaka leo hatuna.

Bibi bado anawasha jiko letu. Sasa tunaye kijana anayempeleka na kumrudisha, na kila mwezi mmoja wetu hupanda ngazi na kuangalia bomba la juu. Macho yake tumeyapeleka kwa daktari, na dohani tumejenga, ingawa ni kwa kuchelewa sana. Mtaani mambo yametulia, lakini si yote: kuna jirani mmoja ambaye hadi sasa hapokei salamu yake. Kama jirani huyo anasoma hapa, au akisomewa, tunamwalika aje alfajiri moja, saa kumi na nusu, asimame nasi uani. Atasikia maji yakichemka, na juu ya paa ataona mvuke ukitoka.

Tuombeane. Dominika ijayo tutarudi kwenye masomo yetu kama kawaida.